Omu Mbili Ukutani

Taa ya chumba cha watoto njiti ilififia kila hita ya pili ilipowashwa. Mama Mita, aliyekuja zahanati kufunga feni tu, akashuka kwenye ngazi na kufungua begi lake.

"Umeme wa mtaani huo, shemeji," alisema msimamizi wa majengo, mume wa dada yake. "Mchana kila mtu anapika. Wewe funga feni yako uende zako."

Alitoa mita yake ya kupimia umeme. Jina la Mama Mita alipewa na mafundi wenzake kwa kuwa hakuwa mtu wa kukisia. Tangu chuoni, msichana peke yake katika darasa la umeme, kila kazi aliyoimaliza aliandika vipimo vyake kwa penseli ndani ya kifuniko cha sanduku la swichi. Wenzake walimcheka. Naye hakuwaonea haya: fundi aliyesokota waya kwa mkono na kuuacha bila kiunganishi, yeye alimwita muuaji mbele za watu.

Alipima kwenye sanduku la swichi, hita zote mbili zikiwaka: volti mia mbili thelathini. Akaenda kupima kwenye soketi ya hita: mia mbili na sita. Akabana waya kwa mita yake: ampea kumi na mbili.

"Umeme wa mtaani unafika mzima," alisema. "Volti ishirini na nne zinapotelea humu ndani, kati ya sanduku na soketi."

"Zinakwenda wapi? Zimeota miguu?"

Alichomoa penseli sikioni. Ishirini na nne gawanya kwa kumi na mbili: omu mbili za kizuizi njiani mwa umeme. Waya mzima wa umbali ule haufikishi hata theluthi ya omu moja. Kisha akazidisha ishirini na nne kwa kumi na mbili, ajue joto linalopotea. Wati mia mbili themanini na nane.

"Shemeji, unazikumbuka zile taa za zamani, za wati sitini, zilizokuwa zinaunguza vidole? Karibu tano zinawaka ndani ya ukuta huu. Na hazina pa kutolea joto. Tuzime umeme."

Wote wawili wakatazama kabati la mashuka lililosukumwa hadi kugusa ukuta.

Nesi mkuu alisikia, lakini hakubanduka penye vitanda. Watoto walikuwa watatu, na mdogo wao hakufikisha kilo moja na nusu. "Sizimi kitu. Huyu asubuhi alikuwa wa baridi kama chupa ya maji. Nioneshe moto, nitazima."

"Moto ukionekana, Sista, tumeshachelewa. Joto likienea kwenye waya wote halina neno. Likikaa mahali pamoja, kwenye kiungo, pale waya unapoungwa, linachoma."

"Basi tuko salama!" Msimamizi alifungua kifuniko cha sanduku, uso umemng'aa. "Someni wenyewe. 'Waya mmoja, hauna kiungo. 230, 228.' Miaka tisa iliyopita. Mwandiko wa nani huo, shemeji?"

Ulikuwa wake, na alikuwa ameshauona alipokuwa anapima. Siku ile waya ulipungua hatua mbili, duka lilikuwa limefungwa, na wageni wa kuzindua chumba walitarajiwa asubuhi. Alisokota kipande kwa mkono, akazungushia utepe, akapaka lipu, akajiambia angerudi. Vipimo alivyoandika vilikuwa vya kweli. Maneno hayakuwa.

Nesi alimtazama. Ingekuwa rahisi kumsingizia panya, panya hajitetei. Lakini mahali alipotafuna pangehitaji kutafutwa kwanza, na ukuta haukuwa ukingoja.

"Niliandika uongo," alisema Mama Mita. "Kiungo kipo nyuma ya kabati, usawa wa kifua. Nilikisokota kwa mkono."

"Wewe?"

"Mimi."

Nesi aligeuka akawaita kwa makofi akina mama waliokaa ukumbini. "Ingieni! Fungueni vifua, kila mtu na mtoto wake, ngozi kwa ngozi, blanketi juu. Kisha hamieni chumba cha mbele, wala msiwaachie hata kidogo."

Umeme ukazimwa. Walipovuta kabati, mgongo wake ulikuwa umebabuka rangi ya kahawia, na shuka la mwisho lilikuwa na doa kama la pasi iliyosahauliwa. Msimamizi alibandika kiganja ukutani, akakiondoa upesi. Hakutania tena.

Mama Mita alibomoa lipu. Utepe ulikuwa jivu. Alivuta waya mpya juu ya ukuta, kipande kimoja kutoka sanduku hadi soketi, na kila dakika chache aliuliza kupitia mlangoni, "Sista, wana joto?"

"Wanalo. Fanya kazi."

Baada ya dakika arobaini hita ziliwaka. Kwenye soketi, mia mbili ishirini na nane. Mtoto mdogo alirudishwa kitandani akiwa amelala.

"Yale maandishi ya zamani niyafute?" msimamizi aliuliza kwa sauti ya chini. "Nani atajua?"

"Yaache." Kando yake aliandika, "Si kweli," na tarehe, kisha vipimo vipya.

Nesi alikuwa amesimama nyuma yake. "Na kwingine? Ulisokota wapi tena?"

Mama Mita alifunga kifuniko taratibu. "Shuleni. Bweni la wasichana."

Akabeba begi, akaiacha feni ndani ya boksi lake, na kushika njia ya shuleni jua likiwa bado juu.