Rejeksi Iliyomfuta Tembo wa Mama

Mama yangu hakusoma. Analima mpunga Mloka, na mpunga ukikaribia kuiva anahamia juu ya dungu, kibanda cha nguzo ndefu tunacholindia shamba. Nilipomnunulia simu janja alishika jambo moja tu: picha ndogo ya tembo. Akiona tembo mmoja anatoka porini, anatuma picha moja. Wakiwa kundi, anajaza mstari.

Mimi ni mwandishi wa programu, nimepanga chumba Kibiti. Kazi yetu wakati huo ilikuwa ukurasa wa tovuti unaopokea ujumbe wa wakulima na kuupeleka kwenye simu za askari wa wanyamapori. Msimamizi wetu, anayekaa Dar, alitaka ujumbe uwe safi. Akaandika rejeksi, yaani kanuni fupi ya alama inayoiambia kompyuta nini kibaki na nini kifutwe. Yake ilibakiza herufi na tarakimu tu. Vingine vyote aliviita takataka, na ujumbe ukibaki mtupu, ulitupwa.

Jioni moja mama alinipigia. Alikuwa ametuma tembo tangu jua halijapoa, askari hawajaonekana, na mpunga wa upande wa mtoni ulikuwa umeshalala chini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mwanangu, kama huko hamnisikii, niambie nishuke zangu," alisema.

Nikafungua kumbukumbu za mfumo. Ujumbe wake wote ulikuwa umefika, ukafutwa. Wa jirani zake pia, akina mama wenzake wasiojua kuandika. Nikampigia msimamizi.

Alinijibu kwa ule upole wa ofisini kwamba watumiaji wafundishwe kuandika maneno. Nani awafundishe, juu ya dungu, tembo akiwa chini? Sikumbembeleza. Niliitoa rejeksi yake nikaandika yangu, inayotaja vya kuondoa badala ya vya kubakiza: nafasi zilizorudiwa, mabaki ya alama za kurasa za wavuti, herufi zisizoonekana, basi. Kingine chochote alichotuma mtu kinapita kama kilivyo. Nikaiweka hewani bila kumwomba ruhusa, na sijutii hata kidogo.

Kesho yake tembo walirudi. Safari hii picha za mama zilipita, na askari wakafika kundi likiwa bado ukingoni mwa shamba. Alivuna nusu. Nusu nyingine hakuna wa kumrudishia.

Msimamizi alipogundua alinipigia mwenyewe. Akasema nirudishe kanuni yake kabla ya jioni, la sivyo ananifuta kwenye mfumo na kazi sina. Kazi nilikuwa naihitaji, kodi ya chumba hailipwi kwa ubishi.

"Nifute mimi," nilimwambia. "Mama yangu humfuti tena."