Mpika sabuni anayekataa kilo tano

Saa moja na robo asubuhi, Mama Mizani amesimama mbele ya pipa la mafuta yaliyoyeyushwa, glavu zimempanda hadi viwikoni. Mezani ipo ndoo ya kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, kilo kumi na saba zilizopimwa na msimamizi wake. Anachota kilo tano na kuzirudisha kwenye gunia.

"Hizi zinakwenda kuchubua mikono ya watu," anasema. "Mimi sizitii."

Kwa ukaidi huo ameshapewa barua mbili za onyo. Ya tatu itakuwa ya kumfukuza.

Jina la Mama Mizani wenzake walimbandika kwa kumkejeli, maana hapiki sabuni bila mizani na chaki. Kwa miaka kumi na moja kiwanda hiki kidogo kilipika kwa mafuta ya nazi. Miezi minne iliyopita mwenye kiwanda akahamia mafuta ya ng'ombe, yenye bei nafuu. Kipimo cha kostiki hakikuguswa.

"Msimamizi ananiambia, 'Mafuta ni mafuta, mama, usituletee mambo ya darasani.' Sikio la kufa!"

Anaandika ukutani. Chembe moja ya mafuta hula chembe tatu za kostiki, zikatoka sabuni tatu na gliserini moja. Pande zote mbili zimelingana. Kisha anageuza chembe kuwa uzito: mafuta ya ng'ombe 890, kostiki 40 mara tatu, yaani 120. Basi kilo 89 za mafuta, ujazo wa pipa moja, zinataka kilo 12 za kostiki. Chembe za mafuta ya nazi ni nyepesi, kwa hiyo kilo zilezile hubeba chembe nyingi zaidi, ndiyo maana zilitaka kumi na saba.

"Kumi na saba toa kumi na mbili? Tano! Hizo hazina mafuta ya kuzila ndani ya pipa. Zinamsubiri mfuaji."

Mfuaji mmoja ni mdogo wake, anayefulia watu nguo. Mama Mizani mwenyewe alimpelekea miche ya kwanza ya sabuni ya mafuta ya ng'ombe, zawadi. Vidole vikambabuka hadi akashindwa kushika kijiko.

"Nilimuunguza mdogo wangu kwa mkono wangu," anasema.

Inaudhi, tena sana. Hesabu ya mistari minne, ya kufanyia nyuma ya risiti! Aliyeifanya ndiye anayeandikiwa onyo, na aliyeikwepa ndiye anayetia saini.

Msimamizi aliulizwa, akajibu huku anaondoka: "Hapa ofisini hakuna mteja aliyelalamika."

Kila jioni yeye huifuta chaki ukutani. Kwa hiyo Mama Mizani amenunua kopo la rangi nyekundu. Jumamosi anataka kuandika kwenye kila pipa aina ya mafuta na kipimo chake.

"Anifukuze, lakini anayekuja nyuma yangu atasoma," anasema. "Na mche mmoja wa sabuni ile ya kilo kumi na saba nimemwekea msimamizi kwenye sinki lake la kunawia. Wiki ya tatu hii, hajaugusa."