Ahame Yeye

Huyu mwanamke nataka mumjue vizuri, kwa hiyo nitakwenda taratibu. Ni mwendesha kreni kwenye jengo la ghorofa. Kazi alifundishwa na mjomba wake, leseni akaipata kwa jasho lake. Siku alipofika saiti mara ya kwanza, mafundi waliambizana mtu asipite chini ya mzigo wa mwanamke. Msimamizi alikuwa amewakataza kupita chini ya mzigo wowote tangu enzi na enzi, wasimsikie. Dada wa watu akacheka peke yake huko juu: angalau sasa sheria inafuatwa. Wakambandika jina la Shangazi wa Juu, naye akalipokea.

Chini yake alisimama mtu wa ishara, kijana mtanashati anayemwongoza kwa mikono: pandisha, shusha, taratibu, simama. Mikono ile aliizoea kabla hajaijua sauti ya mwenyewe. Mapenzi yalipoingia hayakupiga hodi. Mara chai ya pamoja, mara kusindikizana, hadi kijana akapeleka posa kwa mama wa binti na ikapokelewa.

Habari zikamfikia msimamizi. Akawaita, akasema wapenzi hawawezi kunyanyua mzigo pamoja, maana wakinuniana asubuhi, mchana zege litamwangukia mtu. Shangazi wa Juu akakubali. Hilo lina akili. Kisha msimamizi akamgeukia yeye: kuanzia kesho akae stoo, agawe glavu na kofia. Hakuuliza nani yuko tayari kuhama. Alimwona mwanamke, basi, akamaliza.

Kilichomchoma zaidi ni mchumba. Njiani alimbembeleza akubali yaishe, stoo kuna kivuli, na yeye mwenyewe ataonekana mwanamume mbele ya wenzake.

"Kwani wewe ulinipendea stoo?" akamuuliza.

Wakaachana njia panda bila kuagana.

Asubuhi binti alikuwa kitini kabla mafundi hawajavaa buti. Gari la zege likafika, ndoo ikajazwa, mchumba akainua mikono kama kawaida. Kreni haikutikisika. Msimamizi akashika redio, akamwamuru ashuke. Jibu likasikika saiti nzima.

"Bosi, sheria yako naifuata. Ndiyo maana kwa mikono yake sinyanyui. Ahame yeye. Ishara wanazijua nusu ya watu hapo chini. Leseni ya kreni, nionyeshe mwingine aliye nayo."

Zege nalo halingoji mtu. Msuka nondo mmoja akasema, kama anaongea na nondo zake, kwamba yeye ishara anazijua, ila asije akalaumiwa. Wenzake wakaguna kwa kicheko. Msimamizi alitazama ndoo, akatazama juu, kisha akamwambia mchumba avue fulana ya kung'aa ya mtu wa ishara. Akaivua, akamkabidhi msuka nondo, akaelekea stoo bila kuinua macho.

Ndoo ikapanda.

Jioni mama wa binti akapiga simu, umbea umeshamfikia. Sasa posa itakuwaje, mwanangu? Mtoto wa watu umemfedhehesha hadharani.

"Mama, akija, mwambie kazi yangu aliikuta. Akiona haimfai, mrudishie vyake vyote, usibakize hata kanga. Mimi kesho nipo juu."