Udongo wa Miti Tisa

Baba alikataa bodaboda. "Siku ile tulienda na baiskeli," alisema, "na leo tunaenda na baiskeli." Amepita miaka sabini na magoti yanamlia hata akikaa tu, lakini ukibishana naye unamaliza pumzi zako bure. Mimi nilikuwa nimetoka Mvara, ninakoishi, kuja Dranya kumwona Mama. Hospitali ya Kuluva ilikuwa imemruhusu arudi nyumbani kupumzika, na sote tulijua maana ya kupumzika huko.

Mama alikuwa na ombi moja. Kabla sijazaliwa, wazazi wangu walikimbia vita kuelekea mpakani pamoja na familia nyingine za askari. Baba alisukuma baiskeli, Mama akiwa amekaa kwenye keria na mtoto wao wa kwanza, msichana wa miezi mitano, anachemka homa. Mtoto alifia msituni karibu na mto. Walimzika harakaharaka chini ya mvule, na Baba akakata gome kwa panga, mikato miwili, usawa wa kifua, upande unaotazama maji, ili aweze kurudi. Kila mwaka alisema mwaka ujao. Kwetu mtu huzikwa uani, na mifupa isipopatikana huletwa udongo wa kaburi. Mama alitaka azikwe nao.

"Siwezi lala hapa na mtoto yangu iko porini peke yake," alituambia kwa Kiswahili chetu cha kambi za askari.

Tuliondoka alfajiri na manyunyu. Mimi niliazima baiskeli ya jirani, na mnyororo wake ulichomoka mara nne kabla hatujafika njia ya msitu. Nilikasirika, nikaitukana baiskeli na mwenye nayo. Baba hakugeuka hata kidogo. Kwenye vilima alishuka na kusukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ameushika nyuma kwenye keria, na keria ilikuwa tupu. Nilipoona mkono ule niliacha kutukana.

Msituni mvua haikutufikia tena, tuliisikia tu juu. Mivule ilikuwa mikubwa mno, watu watatu wasingeweza kuikumbatia, na chini yake palikuwa na giza la kijivu na harufu ya majani yaliyooza. Kisha tukatokea ukingoni mwa mto. Maji yalikuwa mekundu, yanakula ardhi, na tukaendesha kando yake polepole kwa woga wa kuteleza. Sikupenda mahali pale. Nilitaka tumalize twende zetu.

Baba aliuona mti mwenyewe. Aliitupa baiskeli chini akaenda kuweka vidole kwenye makovu mawili ya gome, akalia kwa sauti, mtu ambaye nilikuwa sijawahi kumwona akilia. Nilichimba kidogo kwa jembe, nikajaza udongo kwenye mfuko. Nikaenda pembeni kujisaidia. Huko, hatua kama thelathini hivi, nikaona mvule mwingine. Mikato miwili, usawa wa kifua, inatazama maji.

Ningeweza kukaa kimya. Jamani, mpaka leo najiuliza kwa nini sikukaa kimya. Baba alikuwa ameshapata alichokuja kutafuta. Lakini nilimwita.

"Hapana," alisema. "Mimi ndiyo nilikata. Mimi peke yangu."

Tukauona wa tatu. Wa nne. Tulizunguka mpaka adhuhuri na kuhesabu tisa, yote ya zamani, yote sawa. Baba akakaa chini kwenye tope. Walikuwa watu wengi siku ile, alisema, wakifuatana mstari mmoja, watoto wengi na homa ileile. Labda aliona mwenzake akikata, labda mwenzake alimwona yeye. Muda wote huu alikuwa ameamini kwamba wazo lile lilikuwa lake.

"Baba, chukua huu tu," nilimwambia. "Mama hatajua."

Alinitazama vibaya, akainuka na jembe. Alichimba chini ya kila mti, yeye mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Mfuko ukajaa, tukahamia gunia nililokuwa nimefungia jembe. Lilifungwa kwenye keria yangu, na njia nzima ya kurudi nilinung'unika kwamba ni zito. Naona aibu kulisema.

Jua lilikuwa halijazama tulipofika. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka barazani. Baba akalibeba gunia mwenyewe na kuliweka mapajani mwa Mama, naye akalipima kwa mikono.

"Mbona nzito hivi?"

Baba alitazama miguu yake. "Alama yetu iko kwa miti tisa," alisema. "Sikujua mtoto yetu iko wapi. Nimeleta wote."

Nilidhani Mama atamlaani. Nilikuwa tayari kumtetea, mimi niliyetaka kudanganya. Mkono wa Mama ukapita juu ya gunia, unapapasa hapa, unapapasa pale. Kisha akanitazama mimi, siyo Baba.

"Siku yangu ikifika," alisema, "chimbeni pana."

Wiki iliyofuata tulichimba pana.