Kiuno cha Mnazi

Mjomba wangu Safari aliamini hesabu kuliko alivyoamini watu, na siku moja hesabu ilikaribia kumvua nguo hadharani.

Alikuwa karani katika kampuni kubwa ya mkonge iliyokuwa na ofisi zake Tanga mjini. Kila mwisho wa juma alirudi kwetu Kigombe, viatu mkononi ili mchanga usivile. Ubahili gani huo! Yeye na mama yangu, Mwatumu, walirithi shamba la minazi la baba yao. Mama alikuwa mjane. Tulichokula na tulichovaa kilitoka kwenye minazi ile, wala hatukuwa na kingine.

Mwaka 1951 mkonge ulipanda bei kwa sababu ya vita vya Korea, wazungu wa mtaa wa Raskazone wakawa wanabadili motokaa kama kanzu. Wakala mmoja mjini akaanza kuuza hisa za kampuni ya mjomba. Mjomba akapiga hesabu kama alivyolelewa. Kwetu mnazi huuzwa peke yake bila ardhi, na mnunuzi huuliza swali moja: utajirudisha, yaani utalipa bei yake, kwa miaka mingapi? Basi akachukua bei ya hisa zote za kampuni, akaigawa kwa faida iliyotokana na kazi mwaka ule, kabla ya riba na kodi.

"Minne!" alimwambia mama, macho yakimng'aa. "Mnazi hujirudisha kwa miaka sita, kampuni nzima kwa minne! Tuuze shamba, Mwatumu, tununue hisa."

"Na hizo hisa ndizo nitakazokuna nipate tui, kaka?"

"Utanunua nazi za watu, na chenji itabaki."

Mama hakuwa na hoja, alikuwa na hofu tu, na hofu haishindani na karani. Akakubali shingo upande. Kuanzia hapo akawa anapita shambani asubuhi bila kazi yoyote.

Mnunuzi alitoka Pangani, mzee mmoja aliyeitwa Sadalla, mwenye ulimi mkali kama pilipili mbuzi.

"Shikamoo, mzee," alisema mjomba.

"Marahaba. Minazi ndiyo hii, au mmenileta makaburini?"

Mjomba akaelekeza kidole juu. "Hebu tazama makole hayo ya nazi, mzee! Mwaka huu wakwezi wameshuka wakilalamika migongo."

Sadalla hata hakuinua uso kutazama nazi. Alinyoosha bakora akaonyesha mahali shina lilipopungua, chini kidogo ya makuti. "Unakiona kiuno hiki? Huo ni mwaka wa ukame. Na kule chini kuna kingine. Mwaka huu mvua imenyesha, hata mlingoti wa bendera ungezaa. Mimi sinunui mwaka mmoja, bwana mdogo. Nanunua shina zima na viuno vyake."

Kisha akataja bei, na bei yenyewe ilikuwa tusi.

Siku nyingine mjomba angewaka. Siku ile alifuata shina kwa macho, kiuno hadi kiuno, midomo ikihesabu, mama akadhani kiharusi kimemshika. "Nipe mpaka wiki ijayo, mzee," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

Jumatatu alikwenda moja kwa moja kwa karani mkuu, Fanueli, Mshambaa mpole aliyetunza hesabu za kampuni, akamwomba faida za miaka kumi iliyopita. Akachanganya miaka minono na mikavu, akatafuta wastani, akagawa upya. Bei ileile ya wakala sasa ilitaka miaka kumi na minane ijirudishe! Kampuni haikuwa mbovu. Ila bei ilikuwa imepandishwa juu ya mvua ya mwaka mmoja, na mtoto wa mwenye minazi, aliyezaliwa chini ya makuti, alikuwa amehesabu nazi akasahau shina.

Hakungoja mwisho wa juma. Alifika Kigombe na viatu vyake miguuni, vimejaa mchanga.

"Hatuuzi, Mwatumu."

Mama alikaa chini palepale uani, akacheka huku machozi yakimtoka. "Alhamdulillahi! Kaka, mimi nilishaanza kuiaga minazi mmoja mmoja."

Mwaka 1953 bei ya katani ilikuwa imeporomoka, faida ikafuata, na hisa zikafuata faida. Yule wakala hakuonekana tena mjini. Sisi tuliendelea kukuna nazi zetu. Mjomba hakujigamba hata kidogo. "Niliponea chupuchupu," alikuwa akisema, "na aliyeniponya alikuwa ananipunja."

Kila Idi alimpelekea Sadalla gunia la nazi. Mzee yule hakuelewa hata siku moja. Mwishowe akamrudisha mjumbe na salamu: "Mwambieni Safari nazi zake tamu, lakini asijisumbue kunihonga. Minazi yake ina viuno, na bei yangu siongezi."

Mjomba aliinua mikono kama anayeitikia dua. "Mungu amweke," akasema, "asiiongeze abadani."