Kiatu cha Paris Kilichobaki Dodoma

Jamaa wa kijijini kwetu Kwihara, karibu na Tabora, hawachoki kuniuliza habari za Ulaya. Leo naziandika zote, ila mjue mapema kwamba kubwa lililonipata halikunipata Ulaya.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na kila mtu yuko kwenye matuta, barua ikaja: walimu wanane tumechaguliwa kwenda kutazama shule za Ulaya. Mke wangu Felista alinisikiliza nikiisoma hadi mwisho, kisha akauliza, "Na matuta atapiga nani?"

Nikamwambia Serikali imeniita.

"Serikali haijui hata jembe letu linakaa wapi," akasema, akanipa kisogo. Akarudi kwenye matuta. Nikaenda kando ya shamba, nikapima unyayo wake kwenye udongo mbichi kwa kipande cha kamba, nikaapa kumletea viatu. Bila viatu ningerudi na uso gani?

London tulikuta baridi isiyo na adabu. Mwenyeji wetu, mama mmoja mwema sana, alitukaribisha kwa chai na vipande vya mkate vyembamba. Tulikula kwa heshima, tukasubiri chakula. Lo! Kumbe ndicho tulichokwisha kula.

Paris nilitoa kamba yangu dukani. Muuza viatu akaipima, akaitazama tena, akaniuliza kwa ishara kama huyo ni mwanamke au askari.

"Ni mkulima," nikamjibu kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu alikuwa amekikataa. Akaniletea viatu vyekundu vyenye kifungo. Jioni ile ile nikamwandikia Felista barua ya kujigamba, nikijua katekista ndiye atakayemsomea. Sikujua kuwa ataisoma mbele ya kijiji kizima.

Roma nilipiga magoti nikawaombea wote, Felista zaidi, apunguziwe hasira.

Kutoka Dar es Salaam tulipanda gari moshi, na asubuhi ya pili tukafika Dodoma. Hapo ndipo ulimi wangu uliponiponza. Mgogo mmoja muuza kuku alikuja dirishani, akanijua kwa chale zangu.

"Wewe Mnyamwezi! Babu zako walipita hapa na mizigo, wakatoa hongo ya njia. Wewe unapita bure?"

Wagogo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Ningempa maneno mawili matatu tukacheka, yakaisha. Lakini nilikuwa nimetoka Ulaya bwana! Nikafungua sanduku. "Tazama, mtani. Umewahi kuona vitu vya Paris wewe?"

Akanyoosha mkono, akachukua kiatu kimoja. "Hongo hii. Kawaambie umetozwa na Ndahani."

Mali ikishachukuliwa na mtani, hukasiriki. Unamtania naye anarudisha. Nikaanza kumtania, nikamwambia mwenye viatu ni mke wa mwalimu wa Kwihara, atamfuata na jembe. Gari moshi likapiga honi, likaondoka. Ndahani akakimbia kando yake akipunga kiatu anirudishie, kuku wake wakipiga kelele, na hakunifikia. Wenzangu walicheka hadi Tabora. Mimi nilikifungia kile kimoja sandukuni.

Asubuhi nilichukua baiskeli ya rafiki yangu wa mjini hadi Kwihara. Vigelegele vilinipokea njiani, watu wamejaa uani. Felista akatoka shambani, jembe begani, tope hadi magotini. Alikuwa amekonda.

"Za safari, Mwalimu?"

"Njema. Poleni na kazi."

"Tumeshapoa. Viko wapi?"

Nikafungua sanduku mbele ya watu wote, nikatoa kimoja.

"Kumbe Paris wanauza kimoja kimoja!" akasema shangazi yangu, na ua mzima ukaangua kicheko. Nikaeleza habari za Ndahani, wakazidi kucheka. Felista hakucheka. Alikipangusa kile kiatu kwa khanga yake, akakiweka kizingitini.

"Kitazameni vizuri," akasema. "Mvua yote hii mimi nimekuwa hivyo, kimoja bila mwenzake."

Kicheko kikakatika. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilitamani wanaume wote waende zao, nikae nilie.

Kesho yake nilishika jembe. Nilipalilia mimi, Felista akapumzika. Wanawake waliopita njiani hawakuniacha. "Mwalimu, na Roma wanapalilia kwa kuinama hivyo?" Nikawaitikia. Mikono ikatoka malengelenge, yakapasuka, nikaendelea, na kile kiatu kikabaki pale pale kizingitini kikinitazama kila nikitoka.

Siku ya kumi mfanyakazi wa gari moshi alileta kifurushi. Ndani mlikuwa na kiatu cha pili, kimejazwa karanga, na maneno ya mdomo kutoka kwa Ndahani: hongo imetosha, na mke wa mtani asikae mguu mmoja.

Nilimpelekea Felista pale pale shambani. Alimimina karanga kwenye khanga, akaosha miguu kwenye mfereji, akavivaa. Vilimtosha. Akatembea juu ya tuta nililolipalilia hadi mwisho, akarudi, vimejaa tope, akaanza kucheka. Alicheka hadi akaketi.

Nimetazama shule za watu, nimeona makanisa ya watu, na nimejifunza jambo hili moja tu, nalo alilisema yeye akipangusa machozi ya kicheko:

"Haya. Wakikuita tena, uwajibu kwamba tuko wawili."