Mizani Iliyoombewa Kabla ya Kujaribiwa

Chekeni sasa hivi mmalize, maana nikifika katikati sitaki kukatizwa: mimi ndiye yule mwanaume aliyemtukana baba mkwe wake mtarajiwa ukutani, kwa maandishi makubwa, mbele ya mchungaji na madereva wa malori, tena akiwa amevaa shati lililopigwa pasi.

Nianze na Nadège, mpenzi wangu. Baba yake, Papa Kambale, ametoka Kivu ya Kaskazini kitambo, anauza maharage na unga kwa jumla katika depo yake hapa mtaani kwetu Kampemba, na kwake yeye kazi ni kitu kinachobebwa mgongoni au kupakiwa kwenye lori. Maneno "kazi ya ordinateur", yaani ya kompyuta, ambayo ndiyo yangu, anayatamka kama mtu anayetaja ugonjwa wa ngozi. Nilipokwenda kumwomba familia yangu ije kujitambulisha, kama desturi inavyotaka, alinitazama viatu, akanitazama kichwa, akasema: "Nilinunua balance mupya. Ukifanya iongee na ordinateur, famille yako iye. Ikikatala, mubakie kwenu." Yaani ndoa yangu yote ikatundikwa kwenye mizani ya kupimia maharage. Nikasema, hiyo tu?

Mizani ilikuwa ya Kichina. Ilikuja na faili moja ya DLL inayojua kuongea nayo, na maelezo ya Kichina kitupu (asante sana). Kitu ambacho hakikuja ni librairie d'import, na bila hiyo kipande cha programu nilichokuwa nakiandika kwa lugha ya C kisingeungana na ile DLL hata kwa maombi. Msiogope, ni kitu chepesi: hiyo librairie haifanyi kazi yoyote yenyewe, ni kama yule mtu wa kwenye kona unayemuuliza njia, anakwambia "kazi hiyo kamuulize fulani", basi. Huyo fulani ni DLL. Asipokuwepo kwa jina lile lile uliloambiwa, utabisha hodi mpaka uzeeke. Ikiwa mwenye kiwanda hakukupa librairie, unaijenga mwenyewe: unachota majina ya kazi zilizomo ndani ya DLL, unayapanga kwenye faili ndogo, mstari wa kwanza unaandika jina la DLL yenyewe, unakipa chombo kinachojenga, kisha unakompaili na kuunganisha. Kwa mtu mwenye akili ni shughuli ndogo, lakini siku hiyo aliyekaa kwenye kiti nilikuwa mimi.

Jina la ile DLL lilikuwa mchanganyiko wa herufi na tarakimu ambao kila nikiuandika nakosea, na Nadège alikuwa pembeni yangu anatafuna karanga, ananisimulia jinsi baba yake alivyonguruma nyumbani asubuhi kuhusu rangi ya mapazia, nyumba nzima ikatetemeka, halafu mama akasema neno moja tu na mzee akakaa. "Papa ni simba bila meno," akasema. Nikacheka mpaka machozi, nikaitengenezea DLL nakala, nikaiita simbabilameno.dll, nikaandika jina hilohilo kwenye ule mstari wa kwanza. Nitabadilisha kesho, nikajiambia (kesho ya fundi mnaijua). Kwenye kompyuta yangu kila kitu kikatembea vizuri, maana nakala ilikuwa palepale pembeni ya programu, na mimi nikajiona mkwe kamili.

Mtaniuliza, sasa mbona hukwenda kujaribu depo kwanza? Nilikwenda! Papa Kambale akasimama mlangoni: "Machine haiyaombewa, haiguswe." Kwake hakuna lori linalowashwa wala friji inayochomekwa kabla mchungaji hajaweka mkono, na mimi nani wa kubishana na Mungu na Papa Kambale asubuhi moja? Nikarudi nyumbani kunyoosha shati.

Jumamosi depo ilifagiliwa ikang'aa. Viti vya plastiki, waimbaji wa kanisa, wateja wakubwa, madereva nyuma, mama yake Nadège mbele katika kitenge kipya, na ukutani, kati ya magunia ya unga, picha ya kompyuta kupitia projekta ya kanisa, ili kila mtu aone muujiza. Mchungaji akaomba. Aliomba dhidi ya wezi, dhidi ya wachawi, dhidi ya kukatika kwa umeme, akaombea mpaka nyaya. Mstari wangu wa kwanza pekee, niliousahau hata mimi, ndio hakuufikia.

Amina ikapita, nikaweka programu yangu kwenye kompyuta ya depo pamoja na ile DLL ya kiwandani yenye jina lake la kuzaliwa, safi, rasmi, maana mbele ya wakwe mtu haleti nakala. Nikabonyeza. Dirisha likaruka ukutani, na mchungaji, ambaye hajawahi kuona maandishi akayaacha bila kuyasoma kwa sauti, akasoma: "L'exécution du code ne peut pas continuer, car simbabilameno.dll est introuvable." Kisha, kwa wema wake, akawatafsiria wamama: "Inasema, simba bila meno haionekane."

Dereva mmoja nyuma akaanza kukohoa. Mama akainua kitenge mpaka mdomoni, mabega yakawa yanacheza. Papa Kambale akamtazama mke wake kwanza, halafu binti yake, halafu mimi.

"Simba bila meno njo nani?"

Hapo ndipo mwanaume hujulikana, ndugu zangu. Nikajikaza, nikawasingizia Wachina kwamba ndivyo wanavyoziita faili zao: "Ni ba Chinois, papa. Njo vile beko naita ba-fichier yabo."

"Ba Chinois beko nasema Kiswahili?"

"Bamoya banajua, papa."

Akaonyesha kompyuta kwa kidole. "Basi, tengeneza."

Nitengeneze na nini? Kompaila, chombo cha kujengea programu upya, ilikuwa nyumbani. Njia ilibaki moja: kuchukua ile DLL safi, kuinakili, na kuipa jina ambalo programu inalitafuta. Mimi mwenyewe. Kwa vidole vyangu. Ukutani. Nikaandika s, nikaandika i, nikaandika m, na madereva wakawa wanasoma pamoja nami kama watoto wa darasa la kwanza, "sim... ba... bi... la...", na jasho limeshaharibu pasi yote ya shati. Papa Kambale akaja kusimama nyuma yangu, pumzi yake naisikia shingoni, macho yake kwenye vidole vyangu juu ya kibodi.

"Ba Chinois balikufundisha muzuri," akasema. "Hauangalie hata clavier."

Nadège akasimama. "Papa, ni miye. Jina ile, ni miye nilianza kukuita vile. Yeye aliandika tu."

Na mimi, mnajua nilifanya nini? Nilitikisa kichwa kukubali, kwa heshima zote, kama jaji aliyeridhika na shahidi. Hata leo nikikumbuka kile kichwa changu natamani kukivua.

Kisha nikabonyeza tena, na ikafanya kazi! Gunia la maharage likapandishwa, namba ikatokea ukutani, watu wakapiga makofi, halafu wakakumbuka na kuacha. Papa Kambale akaitazama namba, akalipapasa gunia kama anayehakikisha, akatikisa kichwa polepole kukubali.

"Machine ibakie," akasema. "Muntu aende."

Nadège akanifuata mpaka getini. Nikadhani anakuja kunifariji. "Ungesema ni miye," akasema, "ningekasirika, kisha tungecheka. Ungesema ni weye, ningekupenda zaidi. Lakini ba Chinois? Kweli?" Akarudi ndani kuwagawia wageni sucré (soda), na mimi nikabaki barabarani na waya wa projekta mkononi, sijui hata niliuchukua wa nini.

Tangu siku hiyo nimeapa: faili ya mtu itabaki na jina aliloipa mwenyewe, mashine nitaijaribu kabla ya amina hata kama nitaruka ukuta, na nikiulizwa nani, nitasema mimi, hata kama siyo mimi. Familia yangu bado haijaitwa. Mizani lakini inapima vizuri kila siku, na ikigoma Papa Kambale ananipigia mwenyewe, bila bonjour, nami nakimbia bila kumaliza chakula, kwa sababu Nadège huwa pale kaunta na siku hizi anaanza kunijibu salamu. Juzi nilimkuta mzee na mteja aliyekuwa analalamika kwamba anacheleweshwa. "Ngoya kidogo," Papa Kambale akamtuliza, "Muchina yetu iko nakuya." Akageuka akaniita kwa jina hilo, kwa sauti, depo nzima ikisikia, na Nadège akainua macho kuona nitafanya nini.

Nikaitika.